Je, ni lazima bomba la chuma lipashwe moto ndipo likunjwe?

Miongoni mwa watu wanaojiundia nyumbani fremu za baiskeli za magurudumu matatu, imeenea imani kwamba bomba la chuma haliwezi kukunjwa vizuri mpaka lipashwe moto na kuwa jekundu. Imani hiyo si ya ajabu, kwa kuwa mhunzi hufanya hivyo kwa chuma kisicho na uwazi ndani.

Bomba linapokunjwa, upande wa nje wa tao huvutika na kuwa mwembamba, ilhali upande wa ndani hubanwa. Sehemu iliyolainishwa na moto hukubali haraka kuliko sehemu za jirani, na hapo ndipo bomba hubonyea. Wapo mafundi wanaolijaza mchanga kwanza ili lisibonyee, lakini mchanga wenye unyevu ni hatari, kwa sababu mvuke unaweza kulipasua bomba lililozibwa. Bomba la chuma chenye kaboni kidogo hukunjika likiwa baridi, ilimradi kalibu ya mashine ya kukunjia (kipande chenye mfereji ambamo bomba hulazwa) ilingane na kipenyo chake cha nje na tao lisiwe kali mno: kwa bomba la milimita 32, nusu kipenyo cha tao cha milimita 96 hivi ni mwanzo mzuri.

Anayetaka kuhakikisha achukue kipande cha bomba lilelile, akikunje kikiwa baridi, kisha apime kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene) kipenyo cha sehemu iliyokunjwa katika pande mbili zinazokingamana. Vipimo vikitofautiana sana, bomba limebonyea, na inafaa tao lipanuliwe au litafutwe bomba lenye ukuta mnene zaidi. Pembe italegea kidogo bomba likiachiwa, kwa hiyo hukunjwa kupita kipimo kwa digrii chache.