Ugumu si utulivu: dhana potofu kuhusu springi na shokapu za pikapu ya zamani

Pikapu kuukuu ikianza kuyumba, kila anayeitazama anageuka fundi. Mmoja anasema ongeza jani la springi (kimoja cha vyuma bapa vinavyopangwa pamoja kuwa springi), wa pili nunua shokapu nene, wa tatu inyanyue juu. Nimewahi kufuata ushauri wa namna hiyo kwa fedha zangu mwenyewe, na kila kipya nilichofunga kiliifanya ya kwangu iendeshwe vibaya zaidi. Baadaye nilikuja kuona kwamba makosa karibu yote yana shina moja: tunadhani gari gumu ndilo gari linaloshika barabara.

"Shokapu ndizo zinazobeba gari"

Mkia ukiinama, lawama huiendea shokapu. Lakini uzito unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya tuta: pistoni iliyo ndani husukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo yenye vali, na ule mwendo unageuka joto. Ndiyo maana, ukitoka kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, yaani vijituta vinavyofuatana, shokapu nzima huwa ya moto. Ukikuta moja ni baridi na mwenzake ana moto, una sababu ya kuitilia shaka ile ya baridi. Shokapu za gesi huinua gari kidogo sana. Ukizinunua ili kuunyoosha mkia ulioinama, umenunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Kuna pia lile jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuhesabu linadunda mara ngapi. Kwa gari dogo lenye springi za koili linaweza kukuonyesha kitu. Kwa pikapu ya miaka mingi, majani ya springi yaliyoshikana kwa kutu huzuia kudunda yenyewe, na shokapu iliyokufa kabisa inaweza kufaulu mtihani. Angalia badala yake mafuta yanayochuruzika, bushi zake (mito ya mpira kwenye viungio) za juu na chini, na tairi lililolika kwa mabonde mabonde.

Na ukiinama chini ya pikapu ukaona shokapu moja ya nyuma imefungwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, usikimbilie kusahihisha. Viwanda vingi vilifanya hivyo makusudi ili ekseli isitikisike na kujiviringisha unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Kinachostahili kusahihishwa ni shokapu aliyoilaza mtu baadaye ili kupata nafasi: ikiinama nyuzi 45, uwezo wake wa kutuliza gurudumu unabaki takriban nusu.

"Ongeza jani, itatulia"

Hapa ndipo nilipoumia. Pikapu yangu ilikuwa imelala nyuma, nikaongezewa majani mawili manene upande huu na mawili upande ule. Mkia ukapanda, nikafurahi kwa siku moja. Kwenye kona ya kwanza yenye makunyanzi, nyuma iliruka kando kama mbuzi anayekwepa kamba, na sikuwa nikienda kasi.

Hesabu yake ni rahisi. Springi ya nyuma ya pikapu imeundwa kwa ajili ya bodi la mizigo lililojaa, ilhali muda mwingi bodi huwa tupu, na upande wa nyuma ni mwepesi. Springi ikiwa ngumu kupita uzito uliopo, gurudumu halifuati tuta; hurushwa juu yake. Tairi lililo hewani halikati kona wala halishiki breki. Tena ugumu wa jani hukua haraka kuliko macho yanavyokadiria: kwa urefu na upana uleule, jani lenye unene mara mbili ni gumu mara nane. Kwa hiyo lile jani moja la lori linalopachikwa "kusaidia kidogo" halisaidii kidogo hata kidogo.

Kuna tatizo jingine ambalo sikulitegemea. Mkia ulipoinuka, pua ilishuka, na mhimili ambao magurudumu ya mbele huuzunguka yanapokata kona ukasimama wima zaidi badala ya kulala nyuma. Mlalo huo, mafundi wa alaimenti (wanaopima pembe za magurudumu) wanauita kasta. Ikipungua, usukani unakuwa mwepesi, gari linatangatanga hata kwenye barabara iliyonyooka, na ukiuachia hausiti tu kurudi katikati, wakati mwingine haurudi kabisa. Niliongeza chuma nyuma, nikaharibu mbele.

Anayebeba mzigo mzito kila siku ana haki ya kuongeza springi. Anayebeba siku mojamoja afunge jani la msaada linalokaa chini kabisa na kuguswa pale tu mzigo unapoingia. Sisi wengine dawa yetu ni kufungua springi, kung'oa kutu, kukagua nyufa, kuweka upya vile vipande vya plastiki vya ncha za majani ili yateleze, na kuzirudisha. Kama chuma chenyewe kimechoka, badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Kuyapinda upya majani kwa nyundo yakiwa baridi hukupa urefu wa muda mfupi, maana chuma ambacho hakikupashwa moto na kupozwa inavyotakiwa hurudi kulala.

"Tatizo ni majani yenyewe, ni teknolojia ya kale"

Corvette, gari la michezo, lilikuwa na springi ya majani iliyolala kimkingamo upande wa nyuma kuanzia modeli ya 1963 hadi ya 2019. Tofauti ni kwamba mle springi ilibeba uzito tu, na vyuma vingine vikashika gurudumu. Katika pikapu nyingi, springi hiyohiyo inabeba mzigo na pia ndiyo inayoishika ekseli ya nyuma mahali pake.

Kwa sababu hiyo, vitu vidogo vinavyoifunga springi vina umuhimu kuliko springi yenyewe. Bushi za jicho la mbele zikilika, ekseli hupata nafasi ya kugeuka kidogo, na gari linakuwa na usukani wa pili huko nyuma usioushika wewe. Yubolti (bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli) zikilegea, senta bolti, ile inayopita katikati ya majani, inabeba kazi isiyo yake hadi ikatike, ekseli inateleza, na pikapu inatembea upande kama kaa. Ukifungua yubolti, funga mpya, na zikazwe tena baada ya kutembea kilomita mia kadhaa. Mtu anayekazia mara moja na kusahau namwona kila wakati. Mimi pia nilikuwa yeye.

"Bushi za plastiki ngumu ni bora kuliko za mpira"

Hutegemea zinakaa wapi. Poliyurethini, ndiyo hiyo plastiki ngumu, huvumilia mafuta na hupunguza mchezo, lakini hupeleka mtikisiko kwenye gari zima na hulia zisipopakwa grisi yake. Mpira mzuri unatosha kwa gari la kazi. Kinachoziua bushi za mpira mapema mara nyingi ni ufungaji: fundi anakaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Likishushwa chini, mpira tayari umesokotwa, na unaishi umesokotwa hadi uchanike. Bolti hizo zikazwe gari likisimama kwa magurudumu yake.

"Ikinyanyuliwa inakuwa imara zaidi"

Inakuwa juu zaidi, basi. Uzito ukipanda, kwenye kona unaegemea zaidi magurudumu ya nje, na breki zinaisukuma pua chini zaidi. Paipu za breki zinavutika, pembe za propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma) zinabadilika. Wanaoweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli wanaipa ekseli mkono mrefu wa kuikunjia springi, na kadiri vinavyopanda ndivyo inavyojikunja zaidi kama herufi S unapoondoka.

Kuna wanaokaza bolti ya tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota na kufanya kazi ya springi) wakiamini wameifanya ngumu. Ugumu wa chuma hicho umo kwenye unene, urefu na aina yake. Ukikiongeza kipenyo kwa asilimia 10, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 46. Ukizungusha bolti, unabadilisha kimo tu. Unachohisi kama ugumu ni mkono wa juu unaoshika gurudumu ukigonga kizuizi chake kwa sababu gurudumu limekosa nafasi ya kushuka.

Halafu pikapu hazifanani. Chevrolet iliziwekea pikapu zake nyepesi tosheni baa mbele kuanzia modeli ya 1960, kisha ikahamia koili mwaka 1963. Ford ilileta mwaka 1965 ekseli mbili za mbele zinazopishana, Twin I-Beam, ambazo springi zake zikilala magurudumu huinamia ndani na tairi hulika ukingo wa ndani. Ukiinyanyua, huinamia nje. Ushauri uliomfaa jirani mwenye moja unaweza kumharibia mwenye nyingine.

"Peleka alaimenti, au kaza skrubu ya boksi la stelingi"

Alaimenti juu ya tairodi na boljointi (viungo vya usukani na magurudumu ya mbele) zilizolika ni kupima nguo kwa mtu anayecheza ngoma. Vipimo vitakuwa sahihi mpaka mlango wa gereji.

Skrubu ya boksi la stelingi, lenye meno yanayogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa magurudumu, ni hatari zaidi. Meno ya ndani hulika katikati kwa sababu gari hunyooka muda mwingi kuliko linavyokata kona. Ukikaza hadi mchezo wa katikati uishe, boksi linabana usukani unapogeuka, na hautarudi wenyewe. Kabla ya kuigusa, gari likiwa chini na injini ikiwaka kama lina pawa stelingi, mwombe mtu autikise usukani kushoto na kulia kidogokidogo, nawe chungulia kutoka kando kila kiungo kimoja kimoja. Mara nyingi utaona chuma kimoja kinasogea na kinachofuata kimetulia. Hapo ndipo pesa iende.

Kuhusu tairi pana na stebilaiza ya nyuma, yaani fimbo inayozuia gari kuinama kwenye kona, sina mengi. Rimu zinazotokeza nje huongeza uzito wa usukani na kuzitesa bearingi. Stebilaiza hupunguza kuinama, ila ukiiongeza nyuma pekee kwenye bodi tupu, nyuma inakuwa tayari zaidi kuteleza kwenye maji.

Ajabu ni kwamba kitu kilichoituliza pikapu yangu kuliko vyote hakikuwa kipuri. Nilikuwa nikijaza tairi za nyuma upepo wa mzigo kamili mwaka mzima. Nilipofuata kibandiko cha mlangoni, chenye kiwango tofauti kwa gari tupu, makunyanzi yale yale yaliyonirusha nikayapita nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja.