Kumiliki mpira kwenye Football Manager maana yake nini hasa

Watu wengi wakifungua Football Manager, gemu ya kompyuta ambayo wewe ndio kocha wa timu, kitu cha kwanza wanachagua tiki-taka (pasi fupi fupi nyingi) kwenye ile mitindo iliyopangwa tayari, wanasevu, wanaingia ligi, alafu mechi ya tatu wanapigwa moja bila na timu ya mkiani huku wao wana umiliki asilimia 66. Hapo ndio utasikia gemu imechakachuliwa. Wala haijachakachuliwa, timu imefanya kile kile ilichoambiwa, imekaa na mpira.

Kumiliki mpira kama mbinu ni uamuzi kwamba mpira uwe kwako muda mwingi, na ukipotea utafutwe haraka kabla mpinzani hajatulia nao. Ni vitu viwili hivyo na vyote vinahitajika, mtu anayepanga cha kwanza tu anakuwa amepanga nusu. Ile asilimia unayoiona baada ya mechi ni matokeo, haikuambii umecheza vizuri. Kwenye mpira wa kweli kampuni za takwimu kama Opta wanaipata kwa kuhesabu pasi, yaani pasi zako unazigawa kwa pasi zote za mechi, so mabeki wako wa kati wakipasiana wao kwa wao kipindi kizima nayo inahesabiwa kama umiliki, sawa sawa na pasi iliyopenya katikati ya mabeki. Hispania mwaka 2018 kule Urusi walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya wenyeji, ikaisha 1-1, wakatolewa kwa penalti. Na Wakenya hawawezi kusahau tarehe 7 Novemba 2012, Barcelona wamekaa na mpira zaidi ya asilimia 80 pale Celtic Park, Mkenya mwenzao Victor Wanyama wa Celtic akaruka kwenye kona akaweka kichwa, mechi ikaisha 2-1 kwa Celtic.

Sasa kwenye gemu, kinachochanganya watu kuliko vyote ni mentaliti, yaani kiwango cha kuthubutu unachoipa timu nzima. Wengi wanaichukulia kama swichi ya kushambulia au kulinda lakini ndio inabeba kila kitu kingine, ukiipandisha hata kama hujagusa kingine chochote tempo (kasi ya kucheza) inapanda, pasi zinaenda mbele zaidi, mstari wa mabeki unasogea juu na wachezaji wanathubutu zaidi. Maana yake ukiweka tempo ya chini kwenye mentaliti ya kushambulia na mwenzako akaweka tempo ya chini kwenye ile ya tahadhari, hamjaweka kitu kimoja, kila mmoja ameshusha kutoka pale alipokuwa. Ndio maana ukikopi taktiki ya mtu nusu nusu inakugomea.

Alafu kuna ugonjwa wa kurundika. Pasi fupi, sawa. Tempo chini, sawa. Kuanzia mpira nyuma, sawa. Mpira usogezwe mpaka ndani ya boksi ndio mtu apige, nayo sawa. Kila kimoja peke yake kina mantiki lakini vyote vinasukuma upande mmoja, vinapunguza hatari, kwa hiyo ukiviwasha vyote kwa pamoja tena na mentaliti iko chini unapata timu inayozunguka nje ya boksi kama pikipiki inayotafuta parking, na mpinzani ameshapata muda wa kurudi wote kumi na kupaki basi. Mimi ningeanza na pasi fupi na kuanzia nyuma tu, mentaliti hatua moja juu ya kati, tempo niiache kwanza ilivyo. Hiyo ya kusogeza mpira mpaka ndani ya boksi naiwasha pale nikiona watu wanapiga mashuti ya mbali ya hovyo, sio kabla.

Majukumu ya wachezaji ndio sehemu tamu. Chukua 4-3-3 yenye namba sita (kiungo wa chini mbele ya mabeki) mmoja. Kipa atoe mpira kwa mabeki wa kati, mmoja wao awe anayejua pasi, namba sita akae pale pale awe wa kurudishiwa, viungo wawili mbele yake mmoja atulie mwingine apande. Mpaka hapo kila mtu anapatia. Wanapokosea ni mbele: straika wanamfanya wa kushuka kuchukua mpira, winga wote wawili wanaingia ndani kuombea mguuni, viungo nao wanaombea mguuni, yaani watu watano wanaomba mpira na hakuna hata mmoja anayekimbia nyuma ya mabeki. Mabeki wa mpinzani wanafurahi kabisa, hawageuki hata mara moja. Ukimshusha straika lazima winga mmoja umpe kazi ya kushambulia ile nafasi aliyoiacha. Na upana nao, kama winga wa kushoto anaingia ndani basi fulubeki wa kushoto ndio apande mpaka kwenye chaki, wa kulia abaki au aingie katikati kumsaidia namba sita, wakipanda wote wawili siku mpira ukipotea utaona kaunta mpaka uzime kompyuta. Kwenye toleo la 26 hii imekuwa rahisi kuipanga kwa sababu unaweka fomesheni mbili, moja mkiwa na mpira na nyingine mkiwa hamna.

Nusu ya pili, ya bila mpira, wengi wanairuka. Huwezi kuwa na mpira kama huuchukui. Mabeki wasogee juu, kupresi kuanzie juu, na ukipotea wenye mpira wabanwe papo hapo badala ya watu kurudi kwenye nafasi zao. Ila mistari hiyo miwili, wa mabeki na wa kuanzia kupresi, iende pamoja, ukiwaambia mafowadi wapresi golini kwa mpinzani huku mabeki wako wamejikalia kwenye boksi lao, katikati panabaki shamba.

Na wachezaji wenyewe je? Watu wanaangalia pasi tu. Namba zinaenda 1 mpaka 20, na beki mwenye pasi 14 lakini utulivu 7 atakuuza siku akibanwa na watu wawili. Angalia kupokea mpira, utulivu, maamuzi, na kujiweka kwenye nafasi bila mpira, hiyo ya mwisho hasa kwa viungo, maana pasi fupi inahitaji mtu wa kupokea karibu. Kwenye madaraja ya chini kikosi kikiwa hakina hivyo, na pichi imechakaa katikati ya msimu, usijilazimishe pira biriani wala kampa kampa tena, hizo pasi fupi fupi za kunogesha, piga ndefu kwanza mpaka usajili. Na hata kikosi kikiwa nacho, lile bari la kuzoea taktiki linajaa kwa mazoezi ya wiki kadhaa, kubadilisha kila baada ya kipigo ni kulirudisha nyuma.

Mechi ikiisha acha asilimia, fungua ramani ya pasi, ile picha ambayo mstari mnene kati ya wachezaji wawili maana yake wamepasiana sana. Mistari minene ikiwa kati ya kipa na mabeki wawili wa kati, mpira haupandi, mara nyingi namba sita amekabwa au viungo wamekimbilia mbele mapema, mshushe mmoja. Ikiwa minene kati ya viungo na fulubeki lakini straika amebaki kama kisiwa na xG (kipimo cha ubora wa nafasi za kufunga) iko chini, basi mpira unapanda ila hauingii, hapo usiguse pasi, mpe mtu mmoja kazi ya kukimbia nyuma ya mabeki na pandisha tempo kidogo, alafu angalia mechi mbili tatu kabla hujagusa kingine.