Uyoga Wenye Sumu wa Msituni: Maswali Tunayoulizwa Wakati Umekwisha Kupita

Ni uyoga gani huo?

Ni ule unaoitwa kitaalamu Amanita phalloides, ambao huota chini ya miti, hasa mialoni, kwa kuwa huishi kwa kushirikiana na mizizi yake. Hakuna aina nyingine ya uyoga inayohusishwa na vifo vingi kuliko huu.

Nitautambuaje?

Kofia yake, yenye upana wa sentimita 5 hadi 15, huwa ya kijani kilichofifia au ya umanjano, na pengine huwa nyeupe. Chini ya kofia pana vipande vyembamba vyeupe vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Shina lina pete, na mwisho wake umo ndani ya kifuko cheupe ambacho mara nyingi hufichwa na udongo. Anayekata shina kwa kisu hukiacha kifuko hicho ardhini, yaani huacha alama muhimu kuliko zote. Ukiwa mchanga, bado umefungika kama yai, alama nyingine hazionekani kwa nje. Asiye na hakika kamili asiule.

Ukipikwa sana, sumu haitoki?

Haitoki. Kuchemsha, kukausha, kugandisha na kumenya havisaidii kitu, na kijiko cha fedha hakipimi sumu. Konokono kuutafuna si ushahidi, kwa sababu ini la binadamu si la konokono. Hata ladha haikuonyi: waliopona husema ulikuwa mtamu. Nusu ya kofia inaweza kumuua mtu mzima.

Dalili huanza lini?

Kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya kula, na wakati mwingine huchelewa hadi saa 24. Mgonjwa hutapika, huumwa tumbo na kuhara maji matupu. Kwa kuwa mlo umekwisha kusahaulika, lawama huangukia chakula cha baadaye.

Mgonjwa wetu ameacha kuhara na anaomba chakula. Bado aende hospitali?

Aende, na aende sasa hivi. Nafuu hiyo, ambayo hudumu siku moja au mbili, ndiyo inayotuletea wagonjwa waliochelewa, kwa maana tumbo hutulia huku sumu ikiendelea kuziharibu chembe za ini, na hatimaye figo nazo hushindwa kufanya kazi.

Lakini hana homa wala maumivu, na anacheka.

Aende hivyo hivyo akicheka. Vipimo vya damu vinaweza kuonyesha ini linaharibika kabla macho hayajageuka manjano. Mkisubiri manjano, mmesubiri mno.

Tubebe nini?

Bebeni mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa, katika mfuko wa karatasi. Waje wote waliokula chungu hicho, wakiwemo wasiohisi lolote. Msimtapishe mgonjwa kwa vidole wala msimnyweshe maziwa mkidhani mnaiua sumu. Mnapoteza saa ambazo sisi tunazihitaji.

Hospitali itafanya nini?

Atawekewa dripu, atapewa mkaa maalumu wa kunasa sumu tumboni, na pengine silibinini, dawa inayosaidia kuizuia sumu isiingie katika ini. Hakuna dawa moja iliyothibitishwa kuifuta sumu hii. Ini likishindwa kabisa, linalobaki ni kupandikizwa jingine, ambalo haliwezi kupatikana kwa kila mgonjwa, wala kwa saa chache.