Mtume Paulo Hakuwafungia Wahamiaji Mlango

Baadhi ya Wakatoliki wa Marekani huamini kwamba Kanisa, kwa kuwa linasifu kazi na kujitegemea, haliwezi kutetea misaada ya serikali kwa wahamiaji, nao hutaja maneno ya Paulo kwa Wathesalonike: "Ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Yasomwe tena polepole. Paulo anamkemea asiyetaka kazi. Hamtaji mgonjwa, mjane wala mgeni aliyekosa ajira.

Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inazifunga pande zote mbili: mataifa yenye uwezo yampokee mgeni kadiri yawezavyo, naye mgeni atii sheria na kushiriki kubeba mizigo ya nchi iliyompokea. Kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius wa 11 mwaka 1931, inaitaka serikali isipokonye kazi ambayo familia au parokia inaiweza. Lakini neno lenyewe lina maana ya msaada, na pale familia inapoelemewa, serikali inapaswa kuitegemeza.

Isitoshe, picha ya mhamiaji anayekula jasho la wengine haipatani na sheria. Tangu sheria ya Agosti 1996, wahamiaji wengi wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, husubiri miaka 5 kabla ya kupata misaada mikuu ya serikali kuu. Asiye na kibali, akiajiriwa kwa mshahara wenye makato, huona kwenye hati yake ya malipo asilimia 6.2 ya mshahara ikienda kwenye mfuko wa pensheni ambayo, akibaki bila kibali, hataipata.