Mafaili kwenye Linux: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Eti ukitumia Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) lazima uandike amri kwenye ile skrini nyeusi hata kama unahamisha picha moja tu. Uongo. Programu za kufungulia mafaili zipo: toleo la Linux linaloitwa Ubuntu linakuja na Nautilus, toleo la Linux Mint lenye muonekano wa Cinnamon lina Nemo, muonekano wa KDE una Dolphin, wa Xfce una Thunar, na zote unakliki, unaburuta, Ctrl+C, Ctrl+V, F2 kubadili jina, yaani yale yale uliyozoea.

Eti ukidilita kitu kwenye flashi nafasi inarudi hapo hapo. Hairudi bana, na ndo maana utasikia mtu analalamika flashi haina kitu ila inasema imejaa. Ukibonyeza Delete faili halifutwi, linahamia kwenye folda iliyofichwa humo humo ndani ya flashi, kwa kawaida inaitwa .Trash-1000, hiyo 1000 ni namba anayopewa yuza wa kwanza kwenye mashine nyingi. Bonyeza Ctrl+H uone vilivyofichwa, utakuta muvi zako zote zimejaa tele. Safisha kapu la taka flashi ikiwa bado imechomekwa, au tumia Shift+Delete tangu mwanzo, ila hiyo ukikosea usitafute mchawi, haipitii kapuni.

Eti mstari wa kukopi ukijaa, chomoa. We subiri kwanza! Linux inaipokea data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) halafu inaiandika kwenye flashi taratibu kwa nyuma, kwa hiyo mstari unaweza kufika mwisho wakati kipande kikubwa cha faili hakijaandikwa, ukichomoa hapo ukienda stesheneri kuprinti faili linagoma kufunguka, halafu lawama zote kwa Linux. Kliki kile kialama cha kutoa pembeni ya jina la flashi, ikikuambia tayari ndo uchomoe. Na flashi ikiwa imefomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili), faili moja la 4GB au zaidi haliingii hata nafasi ikiwepo, na hilo hata Windows itakugomea.

Eti hakuna C wala D kama kwenye Windows, kwa hiyo patisheni (vipande vya diski) zimepotea. Zipo, cheki upande wa kushoto wa programu ya mafaili. Kila kitu kinaanzia kwenye /, yaani folda mama, na flashi kwenye Ubuntu inatokea ndani ya /media, kwenye folda yenye jina lako la yuza.

Halafu kwenye Linux herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti, Ripoti.pdf na ripoti.pdf ni mafaili mawili, yanakaa folda moja bila ugomvi, ukiyakopi kwenda kwenye flashi ya FAT32 ndo utaulizwa kama moja lifute lingine.