Geuza lenzi: kupiga picha za vitu vidogo bila lenzi ya makro

Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwenye mikorosho na miembe ya Pwani, aliye mkubwa ana urefu wa milimita 8 hivi. Mpige kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50 na utapata jani zuri lenye kidoti. Lenzi hizo hazifokasi ukiwa karibu zaidi ya sentimita 35 hadi 45, na kwa umbali huo chungu hachukui hata sehemu ya kumi na tano ya upana wa picha.

Lenzi ya makro, ile iliyotengenezwa kwa vitu vidogo, ingemaliza kazi, lakini bei yake naijua, nawe unaijua. Mimi naigeuza lenzi hiyohiyo ya milimita 50: mbele yake inatazama kamera, nyuma yake inamtazama chungu. Kawaida lenzi hupokea kitu kikubwa kilicho mbali na kukitupa kwa udogo kwenye kihisi, kile kibao cha ndani ya kamera kinachonasa picha, kilicho karibu. Ukiigeuza, ule upande wa karibu ndio unaomtazama mdudu, na umbo lake hufika kwenye kihisi likikaribia ukubwa wake halisi.

Unachohitaji ni ringi ya kugeuzia tu, na bei yake ni ndogo sana. Upande mmoja una nyuzi za kufungia mbele ya lenzi, mahali pa kichujio (kioo cha kuchuja mwanga), upande wa pili unaingia kwenye kamera. Angalia kipimo kilichoandikwa mbele ya lenzi yako kabla ya kununua: milimita 49, 52, 58. Kushikilia lenzi kwa mkono bila ringi kunawezekana, ila nafanya hivyo ndani ya nyumba tu. Nje, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye kihisi.

Wengi hukwama kwenye tundu la lenzi, ule mlango wa ndani unaopitisha mwanga. Upana wake huandikwa kwa f: namba ikikua, tundu linapungua. Ikishageuzwa, kamera haiwasiliani nayo tena. Lenzi za zamani zenye ringi ya f, ya kupanga tundu kwa mkono, hazina shida, na ndiyo maana nazitafuta kwa wauza vifaa vya mtumba. Kwa lenzi za Canon EF, ifunge kwanza kama kawaida, chagua f/8, bonyeza na ushikilie kitufe cha kukagua kina cha picha, kisha ichomoe ukiwa bado umekibonyeza. Tundu litabaki palepale. Za Nikon zisizo na ringi hufunga tundu zenyewe zikitolewa. Nyuma kuna kijiti kidogo, na kipande cha karatasi ngumu kinatosha kukizuia ili tundu libaki wazi.

Usikimbilie f/22. Kwa ukuzaji huu f/11 tayari inafanya kazi kama f/22, na ukizidi hapo picha nzima inafifia. Kwa f/8 sehemu iliyo kali haifiki milimita 1, kwa hiyo chagua jicho na uyaache mengine.

Pete ya fokasi isahau. Sogeza mwili wako, kidogo kidogo, viwiko vikiwa vimeegemea kitu, na upige pumzi ikiwa imetoka.

Mwanga ndio unaonisumbua kuliko yote. Robo tu ya mwanga wa kawaida ndiyo inayokifikia kihisi, na lenzi yenyewe iko sentimita 9 au 10 hivi kutoka kwa mdudu, ikimtia kivuli. Flashi ya juu ya kamera peke yake hutoa weupe mkali mgongoni mwake na giza tumboni. Nakata dumu jeupe la plastiki, nalikunja liwe paa dogo juu ya lenzi, na flashi inapita humo. Ngozi ya chungu inaanza kuonekana kama ilivyo, nyekundu-kahawia yenye vinyweleo.

Watafute asubuhi wanaposhona kiota. Wanaokimbia juu ya tawi waache. Walio kwenye ukingo wa jani wameling'ata kwa taya, wamelivuta hadi kwenye jani jirani, wametulia hivyo wakati wenzao wanapitisha hariri ya mabuu, watoto wao wachanga. Hao wanakupa dakika nzima. Funga mikono ya shati kabla hujasogea.