Je, wajua kwa nini shampeni hugeuka kali ukiinywa na keki?

Chukua glasi ya mvinyo wenye povu, wa aina ile kavu, yaani yenye sukari kidogo, ambayo chupa yake imeandikwa "brut". Kula kipande cha keki yenye krimu, kisha unywe funda moja. Mvinyo uliokuwa mzuri dakika moja iliyopita sasa unakereketa kama ndimu. Sukutua kinywa kwa maji, tafuna chipsi za moto zenye chumvi, halafu unywe tena. Mvinyo ni uleule, lakini ukali umepungua na harufu ya matunda imerudi.

Siri imo kwenye povu lenyewe. Mtengenezaji wa shampeni huchukua mvinyo ambao tayari umechachuka, akautia sukari kidogo na hamira, kisha akaufunga uchachuke tena humohumo chupani. Hamira hula sukari na kutoa hewa ukaa. Hewa hiyo, kwa kukosa pa kutokea, huyeyuka ndani ya mvinyo. Mgandamizo wake hupita mara mbili ya ule wa tairi la gari, ndiyo maana kizibo hufungwa kwa waya.

Wengi huamini kwamba ule mchomo wa ulimini ni viputo vinavyopasuka. Sivyo. Kinywani mwetu kuna kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi, ambacho hugeuza hewa ukaa na maji kuwa asidi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, wakichunguza panya, walikikuta kwenye seli zilezile za ulimi zinazohisi uchachu. Wapanda milima walikuwa wameonja ukweli huu zamani bila kuujua: wanaomeza asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, wakifungua kinywaji chenye gesi huko kileleni hukikuta kimepooza. Viputo vinapasuka kama kawaida, ila dawa imekizuia kimeng'enya kile kufanya kazi. Napenda sana mfano huu, kwa sababu unaonyesha kwamba sehemu ya ladha ya shampeni hutengenezwa na mnywaji mwenyewe.

Basi kila funda lina asidi mbili, ya zabibu na ya hewa ukaa. Asidi huita mate, na mate husafisha utando wa mafuta uliobaki ulimini. Hapo ndipo chipsi, samaki wa kukaanga na jibini laini hupata mwenzi wao. Chumvi nayo hufifisha uchungu na kuinua utamu mdogo uliomo kwenye mvinyo.

Keki hufanya kinyume chake. Ulimi ukishazoea sukari nyingi, mvinyo wenye gramu chini ya 12 za sukari kwa lita, ambacho ndicho kipimo cha "brut", huonekana hauna utamu wowote, na asidi hubaki peke yake. Inasikitisha kwamba kwenye sherehe nyingi vitu hivi viwili huletwa mezani kwa wakati mmoja. Kinywaji kinapaswa kuwa na utamu usiopungua ule wa chakula. Kwa keki, tafuta chupa iliyoandikwa "demi-sec", yenye gramu 32 hadi 50. Usidanganywe na "extra dry": maana yake ni "kavu zaidi", lakini ina gramu 12 hadi 17, yaani ni tamu kuliko "brut".

Na chaza je, ambao kwa miaka mingi wamesifiwa kuliwa pamoja na shampeni? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walieleza kwamba hamira iliyokufa chupani huachia glutamati, ambayo ikikutana na viambato vya chaza huzidisha ladha ya umami, ile ya mchuzi mzito wa nyama. Ndiyo maana muda ni muhimu: sheria huitaka shampeni ikae chupani miezi 15 au zaidi, na angalau 12 kati ya hiyo iwe pamoja na hamira. Prosecco, mvinyo wenye povu wa Italia, kwa kawaida huchachukia kwenye matangi makubwa na haikai sana na hamira, hivyo ladha yake ni ya matunda mabichi, na mimi ningeinywa na saladi kuliko na chaza.

Kwa chakula chenye pilipili, iache "brut" kando. Pombe na mchomo wa asidi huongeza moto juu ya moto. Utamu wa "demi-sec" iliyopoa vizuri huutuliza.